Trikodema ya unga: nimeitumia misimu miwili Pemba, haya ndo majibu yake

Assalam alaykum wakulima wenzangu. Naandika kuhusu ile trikodema ya unga, ile ya pakti, mana kila anaekuja shambani kwangu ananiuliza ile dawa yako ya kutia kwenye samadi inafanya kazi kweli au wanatulia pesa tu. Inafanya kazi. Lakini usiipeleke kwenye udongo uliomwagiwa dawa ya ukungu karibuni, khasa kabendazimu, ukifanya hivo pesa yako umeitupa, na mie yangu niliitupa ndo mana nasema kwa uchungu.

Kwanza tuelewane hiki ni kitu gani. Si dawa kama dawa nyengine, yenyewe ni fangasi. Fangasi hai, amekaushwa akawa unga, ukimpa unyevu anaamka. Huyu anakaa mizizini na anawala fangasi wanaoozesha miche. Sasa ukishajua kuwa ni fangasi basi na akili yako itakwambia kuwa dawa ya kuua fangasi haimuulizi mtu wewe mwema au mbaya.

Msimu wa mwanzo tungule zangu huku upande wa Wete zilianza kulala mchana, jioni zinaamka, siku ya tatu haziamki tena na majani bado kijani kabisa. Nikakimbilia dukani (sitalitaja), nikasema tungule zinanyauka, yule kijana hakuniuliza hata suala moja, akashusha kabendazimu akanambia mama changanya kwenye ndoo umwagie kila shina. Nikamwaga matuta yote sita, yenye ugonjwa na yasokuwa na ugonjwa. Zikafa vile vile!

Baadae bibi shamba mmoja, Mungu amjaalie, akanambia kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise, utizame. Haikuchukua muda, nikaona nyuzi nyeupe zinashuka kutoka pale penye jeraha, nyembamba, zinateremka taratibu kama tui linaloingia kwenye maji. Akanambia mama huu ni mnyauko wa bakteria. Dawa ya ukungu haimfanyi kitu bakteria huyu hata ukimwaga pipa zima. Unang'oa mche, unautoa shambani, na pale hurudishi tungule wala bilingani wala pilipili wala mbatata, mana zote hizo anazipata.

Kwa hiyo niliowaua ni wasokuwa na kosa lolote. Kabendazimu inazuia seli za fangasi zisigawike, na kwenye udongo haiondoki wiki hii wala ijayo, inaweza kukaa miezi kadhaa. Waliomo mle ni pamoja na maikoraiza, yaani wale fangasi wanaojiunga na mizizi wakatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinafika mbali kuliko mzizi wenyewe na kuuletea mmea fosforasi. Nisikilizeni hapa: watafiti wakitaka kuona mmea unaishi vipi bila ya maikoraiza, dawa waliyozoea kuimwaga ni benomili, na benomili ikishafika kwenye udongo inageuka kabendazimu hiyo hiyo. Yaani kitu wanachokitumia wao makusudi kuwaondoa, sie tunauziwa tumwage shina kwa shina, halafu mimea ikidumaa tunarudi duka lile lile kununua mbolea ya fosforasi. Mie hili linaniuma sana.

Na nyungunyungu wamo humo humo, dawa za jamii hii ni kali sana kwao. Pale zamani kila nikipiga jembe anatoka mmoja au wawili, msimu uliofata nimelima tuta zima sikumuona hata mmoja, na hatua kumi tu pembeni kwenye migomba ambako sikumwaga kitu walikuwa wamejaa tele.

Na kwenye matuta hayo hayo, miezi miwili tu tokea nimwage, ndipo nilipopeleka pakti yangu ya kwanza ya trikodema. Unajua kilichotokea? Hakuna. Miche ililala, shina linakuwa jembamba pale linapogusa udongo kama limefungwa uzi, siku ya pili imekwisha. Ningeandika siku ile ningewaambia msinunue kabisa, na ningekuwa nimeidhulumu bidhaa.

Mara ya pili ilikuwa vuli, na safari hii nilihama kabisa, nikaenda chini ya mfenesi ambako hapajawahi kuona dawa. Nikachukua samadi iliyooza vizuri (mbichi inapata moto inawaua), nikachanganya na unga ule, nikarashia maji kwa kata mpaka ukifumbata mkononi inashikana lakini haitoi maji, nikafunika gunia bichi, kivulini. Kila baada ya siku mbili tatu naipindua na nikiona imekauka naongeza maji. Siku ya nane nafunua gunia, subhanallah, madoa madoa, pembeni meupe kama pamba katikati kijani kibichi, na harufu... harufu ya nazi! Nazi khasa, kama kuna mtu kakaa nyuma yangu anakuna. Nikawaita wanangu waje wanuse wakadhani nawatania. Kumbe kweli, fangasi huyu anatengeneza kitu chenye harufu ile, na kitu hicho hicho viwandani kinatumika kutia ladha ya nazi kwenye vyakula. Sasa hivi mie ndo kipimo changu, nikifunua nikasikia nazi najua wameshika.

Nikafanya vitalu viwili mbegu moja siku moja. Kisichotiwa kitu karibu nusu ya miche ililala, kilichotiwa nilijazia mapengo machache tu. Na mashimo ya kupandikizia nikatia kila shimo konzi moja ya ile samadi. Mizizi nilipong'oa mmoja kuangalia ilikuwa myeupe, imejaa vinyuzi.

Sasa isichofanya. Mnyauko wa bakteria haitibu, msidanganywe. Na baka jani la masika pia hapana, mvua zetu zile bila kupiga kitu kwenye majani utavuna matenga mawili umalize. Mie masika napiga mankozebu, dawa nyengine ya ukungu, naielekeza kwenye majani siimwagi shinani, na navaa glavu na barakoa kwa sababu Umoja wa Ulaya mwaka 2020 walikataa kuiongezea kibali kwa madhara yake kwa afya ya watu, hivo si kitu cha kuchanganya kwa mkono mtupu kama ninavoona watu wanafanya, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna nazifuata kama zilivoandikwa. Ikizidi natafuta ilochanganywa na metalaksili. Metalaksili inampiga baka jani chelewa na jamaa zake, ambao ukweli si fangasi hasa, kwa hivo trikodema wako wengi wanasalimika.

Kopa (dawa ya ukungu ya shaba, ile ya bluu) watu wanaipenda wakisema ni ya asili. Ni ya zamani kweli, kule Bordeaux Ufaransa walianza kuiandikia habari zake 1885 kwa mizabibu. Lakini shaba haiozi jamani, kila ukipiga inabaki kwenye udongo wa juu, mwaka juu ya mwaka, mpaka inawaumiza nyungunyungu na viumbe wadogo. Ndo mana Ulaya wamewekewa kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Mie naitumia mara moja moja.

Jengine kwa wanaopanda kunde baada ya tungule: mbegu zilizopakwa rangi, nyingi zimetiwa thiramu (dawa ya ukungu ya mbegu) au mfano wake, ukizipaka na wale bakteria wa vinundu vya mizizi unawaulia juu ya mbegu.

Kasoro za pakti yenyewe: maelezo yote Kiingereza, tarehe ya kuharibika imeandikwa kidogo mno, na mara ya kwanza niliikuta imepangwa mlangoni jua linaipiga, kitu hai jamani! Bei 18,000 si ndogo lakini kwa samadi inatosha eneo langu lote. Nampa nne kati ya tano.

Mie yangu naiagiza Unguja, na anaeniletea namwambia aitie ndani ya mkoba wake akae nao kitini kwenye boti, asiiache juu ya mizigo juani.