TAHADHARI: Jamaa anayeuza kava za paa la turubai za Eunos Roadster "zimetoka Japani"

Ndugu zangu wenye magari ya paa la turubai, naandika haya mikono inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa anayepita kwenye magereji ya Ilala na Gerezani akiuza kava za kufunikia paa lililokunjwa la Eunos Roadster, kile kigari cha Mazda cha viti viwili, ni tapeli. Msimpe hata mia. Amekula laki tatu na themanini yangu, na ameharibu paa ambalo wale tuliokwenda wote Bagamoyo mnajua nililitunzaje.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka kuosha gari, bado linachuruzika maji. Akafungua mfuko wenye maandishi ya Kijapani, akatoa kava nyeusi iliyokunjwa vizuri kama shuka la hotelini. Inanukia upya. Akanishikisha ukingo wake: "Bosi, sikia uzito huo. Hii haijashonwa Kariakoo, imeshuka na kontena." Nikashika. Kweli ilikuwa nzito, vifungo vinang'aa. Tena akalitaja gari langu kabla sijamwambia lolote: Eunos ya kwanza, ile iliyoanza 1989, taa za kuinuka, injini ya 1.6. Akasema Roadster iliyofuata ndiyo ilikuja na kioo chenyewe nyuma, hii yangu ina plastiki. Yote kweli. Mtu anayejua hayo ungemshuku kwa lipi? Na aliyemleta ni fundi wangu wa umeme, ambaye miaka yote hajawahi kunidanganya. Halafu kava yangu ya zamani mnajua ilivyopotea. Miezi yote hii nikishusha paa linabaki wazi, jua na vumbi la Dar vinaingia mikunjoni. Nilikuwa na shida, naye aliiona.

Nikamtumia hela yote kwa simu, papo hapo.

Akafyatua vibanio viwili vya juu ya kioo cha mbele, akalisukuma paa nyuma kwa mkupuo mmoja. Nikasema, "Zipu! Fungua zipu kwanza!" Kila mwenye gari hili anajua: unafungua zipu, unakilaza kile kioo cha plastiki bapa, unatandika taulo la pamba, ndipo unakunja. Akanijibu, "Hayo mambo ya zamani bosi, plastiki hii laini." Nikanyamaza. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba nilinyamaza mbele ya gari langu mwenyewe. Nikasikia kaa! Ufa wa urefu wa kiganja, kuanzia kona ya kulia. Akasema "usijali", akachovya kitambaa kwenye petroli eti anafuta mikwaruzo. Plastiki ikapauka pale pale, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Kava nayo haikufika. Upande wa dereva ilipungua vidole vitatu. Kava ya gari hili vifungo vyake vinakutana na vile vilivyopo tayari kwenye bodi. Ikiwa imekaza unaianika juani kidogo ilegee, kisha unaanzia nyuma katikati ukienda pembeni bila kuvuta kwa nguvu. Yeye akatoa drili. Kabla sijamfikia ameshatoboa matundu mawili kwenye rangi, chembe za chuma zinamwagikia kapeti. Akakata ukingo kwa wembe, akasukumia vipande nyuma ya viti, akabana, akaondoka anacheka na mlinzi.

Jumanne nikaifungua. Uvundo! Paa lilikunjwa bichi na kufunikwa bichi, likaota ukungu kila mkunjo. Kwa ndani ile kava si chochote ila ngozi ya siti iliyobandikwa sponji, na sponji imenyonya maji yote. Fundi bodi alipochungulia nyuma ya viti akakuta vile vipande vimeziba mrija wa kulia wa kutolea maji ya mvua. Maji yakikaa huko yanakwenda kuozesha chuma chini ya mlango, na masika ndiyo haya. Nikapiga simu: namba haipatikani. Mpaka leo haipatikani.

Huyu si wa kusamehewa. Arudishe hela, alipe plastiki mpya, alipe rangi, na akalale ndani. Mtu ananunua gari kwa jasho la miaka, wewe unakuja kulitoboa kama kopo? Atiwe ndani kabisa, na drili yake ichukuliwe!

Mkimwona: anadai hela yote kabla kava haijajaribiwa. Hatoi risiti. Ukitaka kuigeuza kava uone kwa ndani anakuharakisha, anasema kuna mteja anamsubiri Mbagala. Lebo ipo kwenye mfuko tu, kwenye kava hakuna. Na mtu yeyote anayekunja paa bichi, au bila kugusa zipu, mwondoe kwenye gari lako hata kama umeshamlipa.

Ijumaa saa tatu naenda kituoni. Nimeshasikia mwenye Roadster ya kijani naye alilizwa. Kama nawe umelizwa, usifute ujumbe wa muamala, njoo nao, na picha za paa kama unazo. Fundi wangu wa umeme amekubali kuja kutoa maelezo.