Bastola ya kununua ukiwa Unguja au Pemba: kaliba ipi itangulie, ipi ije mwisho

Sonara mmoja wa Mkunazini aliniletea bastola yake imeviringishwa katika kipande cha kanzu kuukuu. “Mwanangu,” akaniambia, “hii ina miaka mitatu tu, na haijapiga hata risasi moja.” Nikaichomoa kwenye ala yake ya ngozi. Magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia mpinini, haikutoka kwa kubonyeza kitufe, ilibidi niivute kwa vidole. Slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikipiga, ilikuwa na madoadoa ya kahawia kama ganda la ndizi iliyoiva sana, na risasi mbili za juu zilikuwa zimeota ukijani, zimegandana na midomo ya magazini. “Ami, hii imeliwa na chumvi,” nikamwambia. Mzee wa watu hakuzembea. Alifuata alivyoelekezwa dukani: iwe ndani ya ala, ala ndani ya kabati, kabati ndani ya chumba kilichofungwa. Ngozi ikanywa unyevu wa masika, ikaushika ule unyevu juu ya chuma usiku na mchana.

Nilishika funguo za chumba cha silaha cha kampuni moja ya ulinzi hapa Unguja kwa miaka kumi na moja, na bastola nilizoziona zimeharibika nyingi ziliharibika hivyo hivyo. Mtu ameumiza kichwa miezi mizima achague kaliba gani, yaani risasi ya ukubwa gani, asiulize hata mara moja chuma chenyewe kitaishije kisiwani. Wewe unayeishi Nungwi, Makunduchi au Wete unajua bawaba za mlango zinavyokwisha na mnyororo wa baiskeli unavyogeuka kahawia. Bastola ni chuma hicho hicho. Basi kila ninachokipanga hapa chini nimekipima kwa vitu vitatu: itastahimili hewa yetu, utaweza kuipiga ukapata unapolenga, na risasi zake utazipata bila kuhangaika.

Kuhusu kibali nitasema kwa ufupi. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo leseni ya silaha inapita kwa Jeshi la Polisi, uwe Chake Chake au uwe Mwanza. Anza kwa kwenda kituo cha eneo lako, ulizia masharti yote na nyaraka zote kabla hujatoa senti dukani. Na kama utainunua ng'ambo ya pili na kuvuka nayo kwa boti, waulize polisi utaratibu wa kuisafirisha kabla hujakata tiketi. Usimsikilize mtu anayekwambia “inunue kwanza, karatasi zitakuja.”

Sasa kaliba.

Ya kwanza, na kwangu mimi iko mbali mbele ya nyingine, ni 9x19, ambayo wengi huiita tisa milimita au Parabellum. Ilibuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na hadi leo ndiyo risasi ya bastola inayotumiwa na majeshi na polisi wengi zaidi duniani. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 7.5 hadi 9.5, na kile cha gramu 8 hutoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 360 kwa sekunde. Ukipiga hesabu unapata nguvu ya jouli 500 hivi. Lakini sababu yangu kubwa haimo katika hesabu hiyo. Tisa hairushi mkono sana. Mtu wa kawaida, mwanamke kwa mwanamume, akifundishwa vizuri kwa siku chache ataweza kurudisha mtutu kwenye shabaha na kupiga tena kwa utulivu. Nimewafundisha walinzi waliokuwa hawajawahi kushika silaha, na kwa tisa walikuwa wanapiga karatasi ya mita kumi kabla ya adhuhuri. Halafu duka lenye risasi za aina moja tu, karibu kila mara aina hiyo ni hii.

Hapo hapo nikuonye juu ya neno “tisa”, kwa sababu limewaponza wengi. Kuna tisa tatu. Kuna hiyo 9x19. Kuna 9x17, ambayo Wamarekani wanaiita .380 na wengine wanaiita tisa fupi. Na kuna 9x18 ya Makarov, ya Kirusi. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, kwa hiyo tofauti ni milimita moja au mbili tu, na ukiziweka kiganjani bila kuzoea utasema ni ndugu wa tumbo moja. Makarov ina kichwa kinene zaidi, kama milimita 9.27, na hao wengine wawili wako kwenye milimita 9 na pointi chache. Mlinzi mmoja wa zamu ya usiku alipewa kisanduku cha tisa fupi kwa bastola ya 9x19, na aliyempa alikuwa na haraka. Risasi iliingia chemba, pale inapokaa nyuma ya mtutu, haikupiga, na yule kijana akakesha usiku kucha akiamini ana silaha. Soma maandishi ya kwenye mtutu, kisha soma yaliyogongwa kitakoni mwa kila risasi. Usisome kisanduku peke yake.

Ya pili naiweka hiyo hiyo .380. Ni kazi ya John Browning ya mwaka 1908, na nguvu yake ni kama nusu ya 9x19, jouli 260 hivi. Usiidharau. Bastola iliyomuua Mwanamfalme Franz Ferdinand mwaka 1914, tukio lililowasha Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa ya kaliba hii. Bastola zake huwa ndogo na nyembamba, zinakaa chini ya shati la kitenge bila kuonekana, na hilo linamfaa anayebeba fedha za duka kutoka Darajani hadi benki.

Ila kuna jambo ambalo muuzaji huwa halisemi. Bastola nyingi za .380 za zamani, kama Walther PPK, mtutu wake haujifungi pamoja na slaidi. Kinachozuia slaidi isirudi upesi ni uzito wake na ugumu wa springi. Matokeo yake ni mawili: springi ni ngumu kuivuta kwa mkono dhaifu, na bastola ndogo ya risasi ndogo inakupiga kiganja kwa ukali kuliko kubwa ya 9x19. Nimewaona wazee wakichagulia wake zao bastola ndogo “kwa kuwa ni nyepesi”, na mama wa watu akashindwa hata kuikoki. Mpe mwenyewe aivute slaidi mara kumi hapo hapo dukani. Ikimshinda mara ya sita, hiyo si yake.

Ya tatu ni .32, ambayo Ulaya inaitwa 7.65. Ni ya Browning pia, ya mwaka 1899. Nguvu yake ni ndogo, kama jouli 170, lakini ni tulivu mkononi na ukali wake unavumilika. Kwa mtu mzima sana au mwenye maumivu ya viungo naweza kuikubali. Kwa wengine wote, hapana, na risasi zake utazitafuta.

Ya nne ni .45, na najua hapa nitagombana na watu, maana wapenzi wake wanaipenda kweli. Historia yake inaeleza mapenzi hayo. Askari wa Marekani waliokuwa Ufilipino mwanzoni mwa karne ya 20 walilalamika kwamba rivolva zao za .38 haziwasimamishi wapiganaji wa Moro, Waislamu wa kusini mwa visiwa hivyo, na malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa risasi nzito ya .45 na bastola ya Colt ya mwaka 1911. Kichwa chake kina karibu gramu 15, mara mbili ya kile chepesi cha 9x19. Lakini kinakwenda polepole, kama mita 255 kwa sekunde, na nguvu yake inaishia pale pale penye jouli 500 au pungufu kidogo. Colt ya asili hubeba risasi saba kwenye magazini, na Glock 19 ya tisa hubeba kumi na tano. Bastola ni nzito, mkono unarushwa zaidi, risasi ni ghali zaidi, na ghali maana yake hutafanya mazoezi. Bastola usiyoifanyia mazoezi ni hatari kwa jirani yako kuliko kwa mwizi. Jeshi la Marekani lenyewe liliiacha .45 mwaka 1985 likachukua Beretta ya 9x19.

Ya tano ni .40. Nayo ina kisa chake. Mwaka 1986 makachero wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili Miami, wakapoteza watu wawili, na lawama ikaangukia risasi zao kwamba hazikufika ndani vya kutosha. Wakahamia kwenye risasi ya milimita 10, wakaiona kali mno, ndipo mwaka 1990 ikatoka .40 kama ya katikati. Katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9x19, kwa sababu vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa na askari wao walipiga vizuri zaidi kwa tisa. Kama taasisi yenye bajeti ile imezunguka miaka karibu thelathini ikarudi ilikoanzia, mimi na wewe wa Mwanakwerekwe hatuna sababu ya kuzunguka.

.22 siipi nafasi katika safu hiyo kwa sababu kazi yake ni nyingine. Ni ya kujifunzia. Haina kishindo kikubwa, haina gharama kubwa, na mwanafunzi haanzi kufumba macho. Lakini baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingo wa ganda, na risasi za namna hiyo hugoma mara nyingi kuliko nyingine. Maisha yako usiyaweke hapo.

Makarov na Tokarev za Kirusi ni bastola imara, zimejengwa kwa ajili ya mazingira ya shida, lakini mnunuzi wa leo ajiulize kwanza risasi zake atazipata wapi miaka mitano ijayo. Tokarev, yenye risasi ya 7.62x25, ina mwendo mkali mno na haikuundwa na kufuli la usalama la kawaida. Nyumba zetu za Ng'ambo zina kuta za tofali moja, na ndani tumegawa kwa plaiwudi. Risasi kali haisimami kwenye plaiwudi, na upande wa pili wamelala watoto wa kaka yako. Hata 9x19 inapita hapo. Kwa hiyo kabla hujainunua, zunguka nyumba yako uangalie kila upande kuna nani nyuma ya ukuta.

Kwa bastola zenyewe za 9x19, chaguo langu kwa visiwani ni Glock 19. Mwili wake ni wa plastiki ngumu isiyojua kutu, na uso wa slaidi umetiwa ugumu kwa namna inayopinga chumvi kuliko chuma cha bluu cha zamani. Si nzuri kutazama, na haina kufuli la pembeni la kidole gumba, kwa hiyo inataka ala inayofunika triga yote na kidole chenye adabu. Ya pili ni CZ 75 ya Czech, ya mwaka 1975. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja, inatulia mkononi kama jiwe, lakini itakudai kitambaa na mafuta kila wiki. Beretta 92 inafaa mwenye mkono mkubwa. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 naipenda kwa moyo, ila nyingi utakazozikuta ni kuukuu.

Kuukuu ikaguliwe hivi. Kwanza magazini itoke, slaidi ivutwe, na kidole kiingie chembani kuhakikisha ni tupu, hata kama muuzaji ameshafanya hivyo mbele yako. Fungua bastola, peleka mtutu dirishani, tazama ndani dhidi ya mwanga. Mistari ya ndani iwe na makali na ing'are. Ukiona vishimo vidogo kama vya mchwa, rudisha. Kisha chukua ile magazini uliyoitoa, bonyeza sahani yake ya juu kwa kidole gumba: ishuke laini, irudi yote. Springi iliyochoka ndiyo inayokwamisha bastola nyingi, na watu hulaumu risasi.

Katika bajeti yako weka mafuta ya bunduki, ala ya plastiki, sefu iliyofungwa kwa boliti ukutani, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya; vibadilishe kila mwezi, na masika kila wiki mbili. Ala ya ngozi ni ya kubebea tu. Ukifika nyumbani, bastola itoke humo, ifutwe jasho, ipakwe mafuta membamba, ikae sefuni. Funguo usizitie kwenye mtoto wa meza. Watoto wa nyumba zetu ni wengi, na hakuna mtoto wa meza wasioujua.

Yule sonara tulimnunulia Glock 19. Siku ya kwanza uwanjani nilimtaka apige risasi mia za aina ile ile atakayoibeba, tukihesabu kila inayokwama. Haikukwama hata moja. Ingekwama mbili tungebadilisha risasi, na ingeendelea kukwama tungeirudisha dukani kabla hajaibeba siku moja. Risasi kumi na tano alizobaki nazo tulizifuta moja moja kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa mafuta yakiingia kwenye fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, yanaiua, akazitia kwenye magazini na kuandika tarehe kwenye kipande cha karatasi ndani ya sefu. Kila mwezi wa sita, mvua za masika zikishapita, anazipiga zote uwanjani na kununua mpya.