Kupima dhahabu kwa eksirei Makoroboi: hela yangu imeenda kihalali

Wanaoulizia pa kupimia dhahabu Mwanza bila kukwaruzwa kitu: kuna kiduka cha sonara maeneo ya Makoroboi chenye mashine ya eksirei. Nilipeleka bangili na mkufu wa marehemu mama. Tunagawana urithi, na dada zangu kipimo cha asidi, kinachokwaruza kito, hawataki hata kukisikia.

"Shikamoo mwalimu." Kumbe kijana wa mashine nilimfundisha fizikia. Nikamwambia marahaba, hebu geuza hiyo skrini.

Mashine hupiga kito kwa eksirei, na kila metali hujibu kwa miale ya nishati yake yenyewe, inayoonekana kama vilele kwenye grafu. Vilele viwili vya dhahabu vilisimama wazi, 9.7 na 11.4 kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya miale), na kimoja kifupi cha shaba kwenye 8. Bangili ilisoma asilimia 75, yaani karati 18. Mkufu karibu 91.6, karati 22, isipokuwa kifungo chake, ambacho shaba ilikuwa nyingi zaidi. Bila kuambiwa, alikipima peke yake.

Kilichonifurahisha ni kwamba aliigeuza bangili upande baada ya upande. Uso uliopinda hubadilisha njia ambayo miale hupita ndani ya metali kabla ya kufika kwenye kipokezi, na ile ya shaba hunyonywa zaidi. Nikamchokoza: na atomi yenyewe, hutoa miale sawa pande zote? Akajibu ndiyo, nikampa nusu alama. Kwa mistari ya K, yaani miale itokayo ganda la ndani kabisa la elektroni, kama ile ya shaba, ni sawa. Lakini kwenye maabara, dhahabu ikipigwa kwa ioni (atomi zenye chaji), pengo linaloachwa na elektroni kwenye L3, moja ya sehemu tatu za ganda la pili, L, huweza kuelemea mwelekeo wa mwali unaopiga, na eksirei za L-alfa, zile za kilele cha 9.7, zikatofautiana kidogo kwa pembe. Mapengo ya L1 na L2 hayana tabia hiyo. Hata kwa eksirei za mashine ya dukani tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo mteja asihangaike. Kinachosumbua ni umbo la kito.

Kasoro ipo. Mashine huona mikromita chache tu za juu, hivyo kitu kilichopakwa dhahabu nene kinapita. Ndiyo maana alipima pia uzito ndani ya maji, ingawa hilo halimnasi mwenye kuficha tungsteni, metali nzito, ndani ya dhahabu safi: sentimita moja ya ujazo ya tungsteni ina gramu 19.25, ya dhahabu safi 19.3. Na cheti kilitoka na wastani mmoja tu. Namba za kifungo ilibidi nidai, akaziandika kwa kalamu.

Nililipa elfu kumi kwa vyote viwili. Wenye mchanga wa dhahabu ambao haujayeyushwa, msiende nao pale. Punje zilizochanganyika na mawe zitawapa jibu la ovyo.