Adapta ya Jua Kali ya Filta ya Koni: Tunaikagua Kwenye Forester

Karibuni watazamaji. Leo boneti ya Subaru Forester iko wazi, na mkononi nina filta ya hewa ya koni, ile ya pamba na wavu wa waya, inayouzwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kama filta ya kuingia gari lolote. Sogeeni muone. Kwenye pakiti mna filta, klipu, na pete za mpira za kupunguza upana wa shingo. Pete hizo zinataka bomba la mviringo. Sasa tazama hapa kwangu: sensa ya hewa imefungwa kwenye boksi la filta kwa boliti nne, na uso wake ni bapa. Shingo ya mviringo utaivisha wapi? Ndiyo maana leo nitaongea zaidi kuhusu adapta, yaani kiungo cha kuunganisha filta na sensa, kuliko filta yenyewe.

Boksi la asili lilipasuka na vibanio vyake vikakatika. Yale ya mitumba niliyoonyeshwa yalikuwa na nyufa vilevile.

Adapta ni hii. Bamba la alumini la unene wa milimita 6, na kipande cha bomba la milimita 76 kimechomelewa juu yake. Kazi ya fundi wa Kariobangi Light Industries. Ramani yake ilikuwa gasketi ya zamani ya sensa, ile ya kuzibia maungio: aliilaza juu ya bamba, akachora, akatoboa. Najua wengi hutumia bomba la PVC la maji kwa sababu ni rahisi kukata. Mimi silipendi. PVC huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 80, na hapa tuko jirani na turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini.

Pitisha kidole ndani, hivi. Hakuna ukingo unaokikwaza, na hili nalisisitiza sana. Ndani ya sensa mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio unaoiambia kompyuta ni hewa kiasi gani imeingia, nayo ikapima petroli. Ukingo ukichomoza mbele ya waya huo, hewa inavurugika na hesabu inakwenda kombo. Basi piga tupa, piga msasa, kisha osha kabisa. Chembe ya chuma ikibaki humo itafika kwenye turbo, na mapanga yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Halafu kuna kuziba. Hewa ikipenya baada ya sensa, injini inapata hewa ambayo haikupimwa, petroli inakuwa chache, na taa ya injini inaweza kuwaka. Utajua kuna shida. Lakini adapta inakaa kabla ya sensa. Ikivuja hapa, hewa bado inapimwa, gari linaenda vizuri, taa haiwaki, na kumbe vumbi linaingia likisaga silinda na pete za pistoni. Uvujaji huu ndio ninaouogopa zaidi, kwa kuwa hauna dalili. Weka gasketi mpya kati ya bamba na sensa, na ukaze boliti kwa mshazari, kidogo kidogo.

Namna ya kupima: paka grisi nyembamba ndani ya bomba lililo baada ya sensa, endesha kwenye vumbi, kisha fungua. Mimi nilienda zangu Ruai. Hii hapa grisi, nimeifuta kwa kitambaa cheupe. Hamna mchanga. Nimeridhika na fundi, na filta yenyewe inachuja.

Nguvu je? Muuzaji aliniahidi nguvu za farasi. Sijazisikia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na filta haiwezi kutengeneza hewa ambayo haipo. Kilichobadilika ni sauti: turbo inasikika ikivuta. Tena kwenye foleni ya Mombasa Road, filta iliyo wazi inavuta hewa moto ya injini, ambayo ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo nimeikingia na kipande hiki cha bati la alumini. Bila ngao hiyo, heri boksi la kawaida.

Kama boksi lako ni zima, usilitoe. Kama limekufa kama langu, filta hii nunua, lakini pesa nyingi mpe fundi wa adapta. Na ukiiosha, mafuta yake ya kunasia vumbi paka kidogo tu, yasije yakaugandia ule waya wa sensa.

Wenye Probox, najua mtauliza. Sensa yenu huchomekwa kwenye kifuniko cha boksi, kwa hiyo bamba kama hili haliwafai. Mnahitaji bomba lenye kikalio cha sensa, na upana wake wa ndani uwe sawasawa na ule wa kifuniko cha asili pale sensa inapokaa. Likiwa pana zaidi, sensa itasoma hewa pungufu. Msikubali fundi akate bomba kabla hajapima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana.