Vicksburg: Siku Moja na Mwongozaji katika Mji Uliozingirwa

Tulipofika Fort Hill, kilima kilichokuwa ncha ya kaskazini ya ngome za Shirikisho, yaani majimbo ya kusini yaliyojitenga katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mwongozaji wetu alitaka tumwambie jina la mto uliokuwa ukimeremeta chini yetu. Tulijibu kwa pamoja kwamba ni Mississippi, na tulikosea. Mnamo Aprili 1876 Mississippi ulijikatia njia mpya kwenye shingo ya rasi iliyokuwa mkabala na mji, ukauacha Vicksburg bila mto, na maji tuliyokuwa tukiyatazama ni ya mto Yazoo, yaliyoletwa huko kwa mfereji uliokamilika mwaka 1903. Mwaka 1862, na tena mapema mwaka 1863, majeshi ya Muungano, yaani ya serikali ya kaskazini, yalijaribu kuchimba mfereji kuvuka rasi hiyohiyo ili meli zipite mbali na mizinga ya mji; askari na watumwa waliotumikishwa humo waliugua na kufa kwa wingi, na kazi ikashindikana. Mto ulikuja kuifanya wenyewe, miaka 13 baada ya vita kuuacha mji huo.

Kwa jibu hilo moja niliona kwamba malipo ya mwongozaji hayakupotea. Hifadhi ya Kijeshi ya Taifa ya Vicksburg, katika jimbo la Mississippi, nchini Marekani, ina barabara ya maili 16 inayopita kati ya mistari ya majeshi mawili, na ina minara ya kumbukumbu, sanamu na mabamba zaidi ya 1,300. Tulipokwenda, kiingilio kilikuwa dola 20 kwa gari. Unaweza kuizunguka peke yako ukisoma mabamba, lakini mabamba hayo yaliandikwa zaidi kwa ajili ya maaskari wazee waliotaka kujua kikosi chao kilisimama wapi, na mgeni asiyejua vita hivyo huchoka kabla hajafika nusu ya njia. Mwongozaji mwenye leseni huingia katika gari lako na kusema nawe kwa muda wa saa mbili hivi. Maoni yangu ni kwamba saa mbili hazitoshi hata kidogo. Tulimwomba aongeze, na tulikaa kutwa.

Alichokieleza kwa ustadi mkubwa ni udongo. Vilima vya Vicksburg ni vumbi la kale lililorundikwa na upepo, laini kiasi kwamba hukatika kwa sepetu, lakini ukishalikata husimama wima kama ukuta bila kuhitaji nguzo. Alishika bonge dogo lililokuwa limeanguka kando ya njia, akalibonyeza kwa kidole gumba likawa unga. Kutokana na udongo huo ngome za Jenerali John Pemberton wa Shirikisho zilikuwa na kuta za mwinamo mkali, na makorongo yaliyokuwa mbele yake yalikuwa mitego. Jenerali Ulysses Grant wa Muungano alishambulia Mei 19, 1863 akarudishwa, akashambulia tena Mei 22 akapoteza watu zaidi ya 3,000, wakiwemo baadhi ya watu 150 waliojitolea kutangulia mbele ya ngome ya Stockade Redan wakiwa na magogo, mbao na ngazi. Ukisimama chini ya ngome hiyo ukatazama juu, unaelewa kwa nini baada ya siku hiyo Grant aliamua kuuzingira mji na kuusubiri uishiwe chakula. Udongo huohuo uliwasaidia pia washambuliaji: karibu na nyumba ya Shirley, jengo pekee la wakati wa vita lililobaki ndani ya hifadhi, wachimbaji wa Muungano walisogeza handaki lao hadi chini ya ngome ya Louisiana, na Juni 25 walilipua humo ratili 2,200 za baruti.

Raia nao walichimba. Makombora kutoka mtoni na kutoka nchi kavu yalipozidi, familia zilihamia katika mapango yaliyochongwa vilimani, baadhi yakiwa na zulia, vitanda na rafu zilizokatwa ukutani. Hapa ndipo nilipotofautiana na mwongozaji wetu. Alieleza mapango kana kwamba yalijichimba, na ilinibidi niulize ni nani aliyeshika sepetu. Baada ya kunyamaza kidogo alijibu kwa ukweli: mara nyingi walikuwa watumwa, na wengi wao walizingirwa pamoja na mabwana zao, wakila kidogo kuliko wengine wote. Namshukuru kwa jibu, lakini mgeni asingepaswa kulidai. Mji huu ulipiganiwa kwa sababu uliuweka mto mikononi mwa Shirikisho na kuunganisha Texas, Arkansas na sehemu kubwa ya Louisiana na majimbo ya mashariki, na Shirikisho lenyewe lilisimama juu ya utumwa.

Kwa hiyo nawasihi wanaokwenda wasiupite mbio mnara wa kumbukumbu wa askari weusi wa Muungano, uliozinduliwa Februari 2004. Ni sanamu ya shaba ya watu watatu juu ya jiwe jeusi kutoka Afrika. Askari mmoja na mfanyakazi wa shambani wamembeba katikati yao askari aliyejeruhiwa; mfanyakazi anatazama nyuma, askari anatazama mbele. Wengi wa askari weusi waliopigana Milliken's Bend, upande wa pili wa mto, Juni 7, 1863, walikuwa wametoka utumwani majuma machache tu kabla ya hapo, na walikuwa hawajafunzwa vizuri kutumia bunduki walizopewa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye jumba kubwa la kumbukumbu la jimbo la Illinois, ambalo nalo ni zuri: ngazi zake ni 47, moja kwa kila siku ya mzingiro, na ndani yake yameandikwa majina 36,325 ya askari wa jimbo hilo.

Cairo, meli ya kivita ya Muungano iliyovikwa chuma, ina banda lake na makumbusho yake. Ilizamishwa katika mto Yazoo Desemba 12, 1862 kwa bomu lililotegwa majini, ikatoweka chini ya maji ndani ya dakika 12 bila mtu kufa, na ikaibuliwa mwaka 1964. Kwa kuwa iliondoka ghafla, vitu vya mabaharia vilibaki humo: vyombo vya kulia, viatu, chupa za dawa. Tengeni saa nzima.

Kufikia mwisho wa Juni askari wa Pemberton walikuwa wakila mkate wa unga wa kunde na nyama ya nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, na barua iliyotiwa sahihi ya "Askari Wengi" ilimwambia jenerali wao kwamba kama hawezi kuwalisha, heri awasalimishe. Alisalimu amri Julai 4, na askari wapatao 29,500 waliandikishwa hati ya kutopigana hadi wabadilishwe na mateka, kwa kuwa kuwasafirisha na kuwalisha kungemlemea Grant.

Tuliishia katika makaburi ya taifa, pembezoni mwa barabara, walipozikwa askari wa Muungano wapatao 17,000, takriban 13,000 kati yao wakiwa hawajulikani. Waliojulikana wana mawe yenye majina. Wengine wana kipande kidogo cha jiwe la mraba, kifupi kuliko goti, chenye namba tu. Mwongozaji wetu alikwisha kutuaga, na saa yake ya mwisho hakutaka kuilipisha. Tuliteremka ngazi za nyasi tukisoma namba hizo moja baada ya nyingine, mpaka mlinzi alipokuja kutuambia kwamba wanafunga lango.