Pikapu niliyoikosa Barabara ya Ngong, na elfu 20 zangu

Nauza viazi na kabeji soko la Marikiti, Nairobi, na gari langu, Probox, lilishachoka kubeba magunia. Nikaingia yadi moja kando ya Barabara ya Ngong kutafuta Isuzu D-Max. Kwenye kioo waliandika 1,650,000.

Nilipokewa vizuri, chai ikaletwa. Muuzaji akaomba ufunguo wa Probox, "tuipime thamani tukukatie bei, boss." Saa nzima ikapita. Kila nikiulizia ufunguo naambiwa gari bado linakaguliwa, nami naliona pale pale nilipoliegesha, halijaguswa. Mtu hawezi kwenda zake bila ufunguo. Ndiyo maana ulichukuliwa. Mara simu yake ikalia, akasema kuna mteja yuko njiani kutoka Thika na pesa mkononi, nikitaka pikapu ishikiliwe nitume elfu 20. Nikatuma. Ufunguo ukarudi dakika ile ile.

Tukaja kwenye malipo ya polepole. Niweke 850,000, zinazobaki 800,000 nilipe kwa miezi 24. "Asilimia mbili tu, elfu 49 na kitu kwa mwezi." Usiku nikachukua kalamu. Ile asilimia mbili ya kila mwezi inahesabiwa juu ya deni lote la mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata ukishalipa nusu. Riba yake ni 384,000. Tena kuna kifaa cha kufuatilia gari na bima kubwa, vyote lazima vitoke kwao. Kwenye sacco yetu, mkopo huo huo ni asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalopungua: 37,659 kwa mwezi, na riba haifiki 104,000. Tofauti hiyo kwangu ni karo.

Kesho yake nikarudi na fundi wangu. Hakuwasha hata injini kwanza. Alilala chini akakwaruza chesi kwa ncha ya bisibisi, na rangi nyeusi mbichi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Ndani, kutu tupu, hadi kwenye kiungo cha springi za nyuma. Muuzaji akasema pikapu zote ziko hivyo. Fundi alinyamaza, akanionyesha kidole chake kilichogeuka rangi ya matofali.

Nilinunua nyingine Ruiru, kwa mwenyewe, kwa mkopo wa sacco. Kabla ya kutoa hata shilingi nilitafuta rekodi za gari za NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: jina ni la muuzaji peke yake, hakuna benki iliyoandikwa kuwa inalidai. Fundi akalala chini tena, akainuka akitabasamu.

Zile elfu 20 wamekataa kurudisha. Risiti imeandikwa kwa herufi ndogo sana chini kwamba amana hairudishwi, na risiti yenyewe nilipewa baada ya kutuma. Nimeandika barua ya madai, nakala ninayo, na Jumatatu naipeleka mwenyewe.