Konseto za piano: rekodi ipi ununue kwanza

Fungua duka lolote la muziki mtandaoni, tafuta konseto ya piano, na utamwagiwa rekodi chungu nzima, utungo mmoja ukiwa umepigwa na watu kadhaa wa kadhaa. Wanunuzi wengi hukosea hapohapo. Wanaangalia jina la mtunzi na picha ya jalada, wanalipa. Konseto ni mpiga piano mmoja kukabiliana na okestra nzima, mara nyingi katika sehemu tatu, na rekodi hutofautiana kwa kadiri wawili hao wanavyosikilizana. Kwa hiyo tafuta kwa majina matatu: mtunzi, mpiga piano na mwongozaji wa okestra. Ukiona rekodi isiyotaja mwongozaji, achana nayo.

Achana pia na mikusanyiko ya piano murua za kutuliza akili. Niliwahi kununua mmoja, CD mbili zenye jalada la rangi ya dhahabu. Kila konseto ilikuwa imekatwa, imebaki sehemu ya pili tu, ile ya polepole, na hata hiyo ilififishwa kabla ya kufika mwisho. Niliumia, kwa sababu utulivu ule una maana tu kwa mtu aliyepitia msukosuko ulioutangulia.

Nafasi ya kwanza naipa Konseto ya 2 ya Rachmaninoff, ikipigwa na Sviatoslav Richter pamoja na Okestra ya Filhamoni ya Warsaw chini ya Stanisław Wisłocki, iliyorekodiwa mwaka 1959 na kampuni ya Deutsche Grammophon. Rachmaninoff aliitunga baada ya simfonia yake ya kwanza, utungo mrefu wa okestra, kuangukia pua mwaka 1897. Moyo ulivunjika, karibu miaka mitatu akashindwa kuandika kitu cha maana, hadi akatibiwa na daktari Nikolai Dahl. Alipoimaliza mwaka 1901 alimtunukia daktari huyo.

Sikiliza mwanzo wake. Piano iko peke yake. Vidole vinashuka kwa pamoja, sauti inatoka kwa upole kama kengele ya mbali, kisha mkono wa kushoto unagusa noti moja ya chini sana. Tena, na tena, kila pigo likizidi lililotangulia. Wapiga piano wengi wanaharakisha hapa ili wafike kwenye wimbo. Richter haharakishi hata kidogo; anaiacha kila kengele ilie yote, na vinanda vya nyuzi vinapoingia unakuwa umeshakamatwa. Noti ile ya chini iko karibu hezi 44, yaani mitikisiko 44 kwa sekunde, na spika ya simu haiifikii. Ukitaka kujua kama hedifoni unazotaka kununua zinafaa, zijaribu kwa dakika hiyo moja ya mwanzo.

Kwenye CD rekodi hii mara nyingi huunganishwa na Konseto ya 1 ya Tchaikovsky, Richter akiwa na mwongozaji Karajan. Hiyo ichukue kama nyongeza. Rachmaninoff mwenyewe pia aliirekodi konseto yake mwaka 1929 akiwa na mwongozaji Stokowski na okestra ya Philadelphia. Ni hazina, ila sauti ni ya zama zile, kwa hiyo inunue ukishaujua utungo wenyewe.

Ya pili ni Mozart, Konseto ya 20, Clara Haskil akiwa na Igor Markevitch na okestra ya Lamoureux ya Paris. Mozart aliipiga Vienna tarehe 11 Februari 1785. Baba yake alifika mjini siku hiyohiyo, akakuta mnakili bado anahangaika na karatasi za okestra, na mwanawe hajapata hata muda wa kuipitia sehemu ya mwisho. Haskil, mzaliwa wa Romania, aliirekodi Novemba 1960 pamoja na ya 24, na mwezi uliofuata akafariki baada ya kuanguka katika kituo cha treni Brussels. Hana mbwembwe. Piano inapoingia mara ya kwanza, baada ya okestra kunguruma, anaongea kama mtu anayejua kwamba atasikilizwa bila kupaza sauti. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayedai muziki huu ni wa kelele, mwanzishie hapa.

Ya tatu, Beethoven namba 5, ile iitwayo Emperor. Mchukue Leon Fleisher na George Szell, okestra ya Cleveland, kutoka zile konseto tano walizorekodi kati ya 1959 na 1961. Beethoven aliitunga mwaka 1809, majeshi ya Napoleon yakiipiga Vienna kwa mizinga. Ilipopigwa mara ya kwanza hadharani, Leipzig mwaka 1811, masikio yake yalikuwa yameharibika na mtu mwingine ndiye aliyekaa kwenye piano. Fleisher naye, miaka michache baada ya rekodi hizi, alipoteza uwezo wa vidole vya mkono wa kulia, akaishi miaka mingi akipiga tungo za mkono wa kushoto. Ukiweza, nunua seti nzima ya tano. Namba 4 humo ndani ni nzuri vilevile.

Tchaikovsky namba 1 naiweka ya nne, najua wengi wangeipandisha. Van Cliburn, Mmarekani wa miaka 23, alishinda mashindano ya piano ya Moscow mwaka 1958, kisha akairekodi mwaka huohuo na Kirill Kondrashin. Ule wimbo mkubwa wa mwanzo, ambao kila mtu anaujua, haurudi tena kabisa, na wanunuzi wengine huishia kuusubiri. Grieg na Schumann ziko pamoja kwa Radu Lupu na André Previn: rekodi moja, konseto mbili, hutajuta.

Kuhusu namna ya kununua: konseto ya dakika 35 kwa MP3 ya kiwango cha juu inakula karibu MB 84 za bando, FLAC, faili isiyopunguza chochote katika sauti, ni mara mbili au zaidi, na kwa Rachmaninoff inastahili. Kama unanunua santuri za mitumba, iinamishe chini ya taa uikague mikwaruzo, kwani sehemu za kimya haziwezi kuificha.

Ravel, Konseto ya G, nimeiacha mwisho kwa sababu inahitaji subira kidogo. Kwa moto, Martha Argerich na Abbado, 1967. Kwa sehemu ya pili, Arturo Benedetti Michelangeli, 1957. Piano inatembea peke yake karibu dakika tatu, mkono wa kushoto ukirudia hatua zilezile, ndipo filimbi inaingia taratibu. Maduka mengi hukupa sekunde chache tu za kuonja kabla ya kulipa, na katika sekunde hizo piano ndiyo kwanza imeanza kuhesabu hatua. Usiipime kwa hizo.